Mwalimu Kasema

"Toka ofisini kwangu."

"Sijamaliza."

"Nimesema toka! Hii ni shule, siyo soko la mitumba, unaingia tu unafunuafunua makabati ya watu."

"Kabati lilikuwa wazi, Mkuu."

"Na huo mdomo wako, nao nani kauacha wazi?"

Mpelelezi hakutoka. Alivuta kiti cha wageni, akakaa, akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Kituoni walimwita Kiroboto, na siyo kwa umbo. Hakujua kutulia, halafu akishaingia kwenye nguo zako utazivua zote ndiyo umpate. Mwaka wa sita sasa alikuwa dawati la watoto, na katika miaka hiyo alishafukuzwa kwenye ofisi za walimu wakuu kumi na mmoja. Huyu wa kumi na mbili alikuwa na sauti kuliko wote.

"Turudi nyuma," Kiroboto alisema. "Juzi Jumatano mtoto wako wa darasa la tatu kapelekwa hospitali na jirani, mkono umevunjika sehemu mbili. Baba yake mdogo, ndiye anayemlea yeye na mdogo wake, anasema kaanguka ngazini. Daktari kamvua shati. Mgongoni kuna alama za mkanda, na siyo za juzi. Nyingine za wiki mbili, nyingine za wiki tatu. Wiki zote hizo mtoto kashinda hapa kwako. Nakuuliza mara ya nne: nani aliona?"

"Hakuna aliyeona."

"Walimu kumi na wanne, mpishi, karani na mlinzi. Wote vipofu?"

"Ulitaka tuwavue watoto mashati kila asubuhi ndiyo ufurahi?" Mwalimu mkuu alipiga meza, kalamu zikaruka kwenye kikombe. "Nikipata taarifa nashughulikia. Sikupata."

Juu ya kichwa chake, ukutani, kulikuwa na tangazo lililobandikwa kwa gundi ya karatasi. MATATIZO YOTE YA WANAFUNZI YARIPOTIWE KWA MWALIMU MKUU PEKE YAKE. Hilo "peke yake" lilipigiwa mistari miwili kwa kalamu nyekundu.

"Hiyo nani kaandika?"

"Mimi. Ndiyo utaratibu wetu."

"Sheria haiujui utaratibu wenu. Inasema mfanyakazi wa shule akishuku tu mtoto anaumizwa, akishuku, siyo mpaka ahakikishe, anakwenda mwenyewe polisi au ustawi wa jamii. Siku hiyohiyo. Haisemi amnong'oneze bosi wake halafu arudi akalale."

"Sheria iliandikwa na watu wasiojua shule ni nini."

"Baba yake mdogo alikuja hapa Jumatano?"

Hapo mwalimu mkuu akatulia ghafla, kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo tangu asubuhi. Baba mdogo huyo hakuwa mzazi wa hivihivi. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na shule nzima ilimwita Mwenyekiti, hata walimu waliomzidi umri.

"Alikuja. Anakuja kila wiki." Alitoa daftari la wageni kwenye droo, akalisukuma mezani likiwa limeshafunuliwa. "Soma mwenyewe, maana mimi ni mwongo. Kuingia, nne na kumi. Kutoka, nne thelathini na tano. Yaani saa kumi na dakika kumi jioni, kwa saa za ofisi. Watoto walishatoka tangu saa tisa. Tulikaa hapa, yeye na mimi, tukaongea habari za uzio. Sasa niambie, mtoto alifika hospitali saa ngapi?"

Kiroboto hakuhitaji kutazama kijitabu chake. Hospitali waliandika saa kumi na dakika ishirini jioni. Kama Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kiti hiki wakati jirani anambeba mtoto kwenda hospitali, basi hakuwa nyumbani, na aliyeanguka kaanguka.

"Umenyamaza?" Mwalimu mkuu alicheka kwa pua. "Mlango uko pale. Na daftari langu uliache."

Kiroboto alilichukua daftari, akalitia kwapani, akatoka nalo.

Asubuhi ile alikuwa amekuja na wazo lingine kabisa. Mtoto hospitalini hakuongea na mtu. Nesi alimlisha, akamwosha, akambembeleza, akaambulia maneno mawili tu: "Mwalimu kasema." Kiroboto akadhani ni mwalimu aliyemsema, kamgombeza, pengine kampiga yeye. Ndiyo maana alianza na mwalimu wa darasa la tatu, binti wa mkataba, mwenye chaki mpaka kwenye viwiko. Binti akamtazama machoni, akajibu, "Sikumsema, sikumpiga, sikuona kitu," akamfungia mlango. Kitu pekee alichokipata Kiroboto pale ni kwamba alijibu maswali matatu, na yeye alikuwa ameuliza mawili.

Getini alikuta mwanamke mpana ameketi juu ya kreti la soda, saa ya kiume mkononi, filimbi shingoni. Ndiye mlinzi. Watoto walimwita Shangazi Geti, na yeye aliwaita wote majina mabaya kwa mapenzi.

"Mwizi," Shangazi Geti alisema. "Hilo daftari ni langu. Walinichukulia jana, leo unapita nalo mbele ya macho yangu."

"Nani alilichukua jana?"

"Mkuu. Alisema anakagua mwandiko. Miaka minane hajawahi kukagua mwandiko wangu."

Kiroboto alichuchumaa, akalifungua mapajani. Mwandiko ulikuwa mkubwa, umelala kulia. Jumatano ilikuwa na mistari mitano. Alipita kila mstari kwa ukucha. Wa kwanza: *1:15, maziwa ya chekechea.*

Akasimama. Akachuchumaa tena.

"Shangazi, chekechea wanatoka saa ngapi?"

"Saa sita na nusu. Kwani una mtoto wewe? Nani atakuwa kakuzalia?"

"Na maziwa yao yanaingia saa ngapi?"

"Si umeshika daftari? Moja na robo."

"Mchana?"

Shangazi Geti alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyevaa viatu kichwani. "Saa moja na robo mchana! Wewe polisi gani? Ulishaona wapi saa moja ya mchana? Saa moja asubuhi! Jua likitoka ni saa kumi na mbili, ikifuata ni moja. Mama yangu alinifundisha hivyo, na hakuwahi kuchelewa popote isipokuwa kufa."

"Kwa hiyo wewe unaandika saa kama unavyoisema."

"Niandike nisivyoisema? Saa ikiwa nne naandika nne. Hao wa ofisini ndio wanaoandika kumi wakasema nne, sijui walirogwa na nani."

Kiroboto aligeuza daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu. "Huyu hapa. Mwenyekiti. Nne na kumi."

"Saa nne na dakika kumi. Asubuhi. Watoto walikuwa mapumziko, mpira ukapiga gari lake, akatukana."

Basi. Jioni yote ya mwalimu mkuu, kiti, uzio na mazungumzo, ikaanguka kwa maziwa ya chekechea. Mwenyekiti alikuja asubuhi, akatoka asubuhi, na saa kumi jioni hakuwa kwenye kiti cha mtu yeyote.

"Alitokaje?"

"Hakuaga. Aliniuliza swali moja tu: darasa la tatu leo wanatoka saa ngapi. Nikajua keshaambiwa."

"Ulijuaje kuna kitu cha kuambiwa?"

Shangazi Geti alipuliza vumbi kwenye filimbi. Akaifuta kwa kanga.

"Shangazi."

"Sweta," alisema hatimaye, kwa hasira, kana kwamba ni Kiroboto aliyelivaa. "Jua hili la kukaanga yai juu ya bati, mtoto anapita na sweta mpaka kidevuni. Anakaa upandeupande kama kuku mgonjwa. Jumanne nikamwambia mwalimu wake, tazama mgongo wa yule mtoto. Haya, nimesema. Nifunge."

"Kwa nini hukuja polisi?"

"Mimi? Mlinzi?"

"Sheria inasema mfanyakazi wa shule. Mlinzi, mpishi, mfagizi, wote."

"Ahaa! Chai ya walimu ikigawanywa, mimi siyo mfanyakazi wa shule. Picha ya mwisho wa mwaka ikipigwa, mimi siyo mfanyakazi wa shule, naambiwa nishike geti. Leo ya kufungwa imekuja, ndiyo nimekuwa mfanyakazi wa shule." Alinyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi yako. Na kalamu, maana yangu na yenyewe walikagua."

Aliandika fomu nzima kwa mwandiko wake ulaliao, akatia sahihi, akaandika saa: 5:50. Kiroboto hakuirekebisha. Aliipiga picha, akamtumia afisa ustawi wa jamii, kisha akampigia.

"Huyo kaona sweta," afisa ustawi alisema. Alikuwa na mafua na hana subira. "Sweta siyo jeraha. Mkubwa yuko hospitali, huko yuko salama. Mimi tatizo langu ni yule mdogo wa chekechea. Hana alama hata moja mwilini. Saa sita na nusu baba yake mdogo anakuja kumchukua, na ana haki ya kumchukua. Niletee mtu wa shule aliyeona mgongo wa dada yake kwa macho yake, katia sahihi, namzuia mtoto palepale. Bila hiyo mikono yangu imefungwa."

"Nina dakika arobaini."

"Una dakika thelathini na nane. Acha kuongea na mimi."

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa ubaoni. Alipomwona Kiroboto mlangoni aliwaambia watoto waandike jedwali la saba mara tatu, akatoka ukumbini, akauvuta mlango nyuma yake.

"Nilishakujibu asubuhi."

"Ulinijibu uongo asubuhi. Sasa ni mchana."

"Una adabu gani wewe?"

"Sina. Shangazi Geti alikwambia Jumanne utazame mgongo. Ulitazama lini?"

Kutoka ndani ilikuja sauti ya watoto arobaini wakinong'ona saba mara moja, saba mara mbili.

"Mwalimu, sina muda wa kukubembeleza. Ulitazama lini?"

"Jumatano. Saa mbili. Nilimchukua stoo ya vitabu." Alisema haraka, chini chini, macho kwenye ncha za viatu. "Alikataa kuvua sweta. Nikamwambia nionyeshe tu, mwanangu, sitamwambia mtu. Akanionyesha. Nikaandika karatasi, kila nilichokiona, nikampa Mkuu saa tatu na nusu. Niliripoti! Unanitazama nini? Nilifanya kazi yangu!"

"Uliripoti kwa Mkuu."

"Tangazo linasema Mkuu peke yake!"

"Saa nne na dakika kumi Mwenyekiti kaingia getini. Saa nne thelathini na tano katoka, akauliza darasa la tatu wanatoka saa ngapi. Saa kumi na dakika ishirini mtoto kafika hospitali, mkono vipande viwili. Shangazi kakwambia wewe, wewe ukamwambia Mkuu, Mkuu akamwambia mpigaji. Taarifa imezunguka shule nzima, kila mmoja anamwachia mwenzake, mpaka ikafika kwa mwenye mkanda."

"Nyamaza."

"Hospitalini kasema maneno mawili tu. Mimi mjinga nikadhani ulimgombeza. 'Mwalimu kasema.' Siyo kamsema. Kasema. Ulimwahidi hutasema, ukasema kwa mtu asiyefaa."

Mwalimu alimsukuma. Mikono miwili, kifuani, kwa nguvu za mtu anayefunga mlango wakati wa upepo. Kiroboto alirudi nyuma hatua mbili, na kwenye shati lake jeusi vikabaki viganja viwili vya chaki.

"Ningefanya nini?" alisema mwalimu. Hakuwa analia, ingekuwa afadhali. "Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Ningepita juu ya kichwa cha Mkuu niende wapi?"

"Dakika kumi kwa miguu. Kituo kiko nyuma ya posta." Alitoa fomu. "Mdogo wake anatoka saa sita na nusu. Andika ulichoona stoo. Mistari mitatu inatosha."

"Asiandike kitu!"

Mwalimu mkuu alikuwa anakuja ukumbini kwa mwendo wa kukimbia asionekane anakimbia. "Mwalimu, rudi darasani. Wewe, daftari langu."

"Karatasi yake iko wapi, Mkuu?" Kiroboto aliuliza.

"Karatasi gani?"

"Aliyokupa Jumatano saa tatu na nusu."

"Hakunipa karatasi yoyote. Binti huyu ni mgeni kazini, anachanganya mambo."

"Nilikupa mkononi," mwalimu alisema. "Ulikuwa unakunywa chai. Ulisema niachie mimi."

"Na ulimwachia Mwenyekiti," Kiroboto akadakia. "Aliondoka nayo?"

"Hakuondoka nayo! Nilimwonyesha tu, akasoma palepale, nika—"

Mle darasani walikuwa wamefika saba mara tisa.

"Palepale lini?" Kiroboto aliuliza. "Jioni, mkiongea habari za uzio?"

"Nilimwita kama mzazi!" Mwalimu mkuu alilipuka. "Mambo ya nyumbani yanamalizwa nyumbani! Ningejuaje? Nilidhani ni mkewe, nilidhani atakwenda kumkanya mkewe! Mtu anaongoza wazazi mia tatu, nianze kumshuku kwa karatasi ya mtoto wa juzi?"

"Ndiyo neno lenyewe, kushuku. Ndiyo kazi uliyoajiriwa." Kiroboto alimgeukia mwalimu, akamnyooshea fomu.

"Utie sahihi hiyo," mwalimu mkuu alimwambia binti, sasa kwa sauti ya chini, mbaya kuliko ya juu, "Jumatatu usisumbuke kuja. Na shule nyingine wakinipigia kuuliza habari zako, nitapokea simu."

Mwalimu aliitazama fomu. Aliichukua kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa njiani. Hakuandika. Kengele ya chekechea ikalia, na kutoka upande wa getini ikalia honi, moja ndefu, ya mtu asiyezoea kungojeshwa. Binti akatoka mbio ukumbini, fomu mkononi, Kiroboto nyuma yake, mwalimu mkuu nyuma ya Kiroboto akiita jina la kila mtu isipokuwa la Mungu.

Mwenyekiti alikuwa ameshashuka garini. Suti imenyooka, viatu vinang'aa, sura ya mtu aliyefiwa na ambaye keshazoea kupewa pole. Shangazi Geti alikuwa amesimama katikati ya geti, kalamu mkononi.

"Fungua, mama."

"Andika kwanza. Jina, shughuli, saa."

"Leo hunijui?"

"Nakujua sana. Ndiyo maana nataka uandike."

Kiroboto alimpa Shangazi daftari lake. Mwenyekiti akaandika kwa dharau, herufi zikitoka nje ya mstari: kumchukua mtoto, 12:31. Shangazi Geti alilipokea, akalisoma, akakata, akaandika juu yake 6:31. "Hapa kwangu ni saa sita," alisema. "Ukitaka kumi na mbili rudi magharibi."

Watoto wa chekechea walikuwa wamepangwa mstari kando ya ukuta, mikoba mgongoni mikubwa kuliko wao. Yule mdogo alikuwa wa tatu. Alipomwona baba yake mdogo hakukimbia kumlaki wala hakukimbia kumkwepa. Alijitoa kwenye mstari, akasogea taratibu, macho chini, kama anayekwenda kuchukua daftari lililosahihishwa.

Mwalimu wa darasa la tatu alifika kwenye kreti la soda, akaiweka fomu juu yake, akapiga magoti kwenye vumbi. Akaandika. Mstari mmoja, miwili, mitatu, minne. Kivuli cha mwalimu mkuu kilimwangukia karatasini, hakuinua kichwa.

"Mwalimu, unaandika nini hapo?" Mwenyekiti aliuliza. "Unakumbuka nani alikaa kwenye kamati iliyokupitisha kazini?"

Mwalimu akatia sahihi, akairusha fomu kwa Kiroboto bila kumtazama. "Usinishukuru. Sikusaini kwa ajili yako, na sitaki kuiona sura yako tena maisha yangu."

Kiroboto aliipiga picha, akaituma. Simu ikamjibu kabla hajaiteremsha: *Nimetoka. Mtoto asivuke geti.*

"Njoo, mwanangu," Mwenyekiti alimwambia mtoto, mkono umenyooka juu ya bega la Shangazi. "Twende nyumbani."

"Mtoto haendi," Kiroboto alisema, akasimama mbele yake, viganja viwili vya chaki kifuani. "Wewe kaa hapo. Mimi na wewe tutajifunza kusoma saa."

"Mkuu! Unaona mambo haya? Sema kitu!"

Mwalimu mkuu alitazama daftari, akatazama fomu, akatazama viatu vyake.

Binti alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mtoto, anamvua mkoba. Mtoto alimtazama, akamtazama baba yake mdogo, akanong'ona, lakini wote walisikia.

"Baba mdogo kasema tusiseme."

"Ninyi msiseme," mwalimu alisema. Aliutia mkoba begani kwake, akasimama, akaushika mkono wa mtoto kwa mkono wake wa chaki. "Mimi ndiye mwalimu. Mimi nasema."

Mwenyekiti aliita mara moja kwa upole, mara ya pili kwa sauti yake halisi, ile iliyowahi kusikika ngazini. Mtoto alishtuka. Mwalimu hakujibu. Aligeuka, akamgeuza mtoto pamoja naye, wakaenda zao kuelekea darasa la tatu.